Shubiri Moja Kutoka Chini

Mzee aliikata miche yangu yote 140 asubuhi moja ya Novemba, kabla chai niliyomwekea haijapoa. Nilikuwa nimeilea tangu mbegu. Kiangazi kizima nilikuwa nimeimwagilia kwa kopo, mche mmoja mmoja, hadi ikanifika magotini na majirani wakaanza kuisifia. Yeye akapita nayo mstari mzima ameinama, panga mkononi, akiacha kila mche na shubiri moja tu kutoka chini. Vichwa vya michongoma vikabaki vimelala nyuma yake, majani machanga bado yana ule wekundu wake.

"Shubiri moja, Mzee?"

Hakuinua kichwa. "Mwanangu, wewe unataka miti au unataka ua?"

Nilitaka ua. Lakini miezi ile yote nilikuwa nikishangilia miti, na hilo alikuwa ameliona tangu alipoingia.

Sasa ni mwaka wa nne, na katika muda huo nimejifunza kuitazama mikono yake kuliko nilivyojifunza kukata. Niseme mapema kwamba mwanzoni sikuutaka hata mchongoma wenyewe. Mdogo wangu anaishi Leeds, Uingereza, na mwaka mmoja mwezi wa Mei alinitumia picha ya uzio wa mti wa kwao uitwao hothoni. Ulikuwa umechanua mweupe kutoka chini hadi juu, kana kwamba mtu amepita akiumwagia unga wa mchele. Nikautamani. Nikaanza kusoma. Hothoni ni wa ukoo mmoja na waridi, tufaha na peasi. Una miiba, una vitunda vyekundu ambavyo ndege huvipenda, na watu wa kule wameufanya nyua kwa karne nyingi. Mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa gumu na haiamki mpaka ipitiwe na joto kisha baridi kali, na mara nyingi huchukua hata miezi 18 kabla ya kuonyesha jani. Hapo ndipo tamaa yangu ilipogonga mwamba. Nakaa Bigwa, Morogoro, chini kabisa ya milima ya Uluguru, mji wenyewe ukiwa mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kipupwe chetu cha Juni na Julai hukufanya utafute shuka la pili, basi. Kule Mgeta, upande wa pili wa mlima, wanapata baridi ya kuzalisha plamu na pichesi zinazoshushwa sokoni mjini. Bigwa tunapata embe.

Mzee nilimpata kwa kuulizia. Anatoka upande wa Matombo, kwa ile barabara ya kwenda Kisaki, na watu wa huku chini humwita kukata nyua zao kama wengine wanavyomwita fundi wa bomba. Nilipomwonyesha picha ya hothoni kwenye simu, aliitazama kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili kama kijana, akaangalia chini ya ule uzio na si yale maua. "Huu umekatwa vizuri," akasema. Kisha akanirudishia simu. "Wa nini kuufuata mbali hivyo? Mchongoma upo hapo nyuma ya mto."

Jina hilo siku hizi limechakaa kwa kutumiwa. Ukienda kwa wauza miche wa kando ya barabara ukaomba michongoma, utapewa chochote chenye miiba kinachovumilia kukatwa: huenda ukapewa ule mti wa matunda ya njano uliotoka pande za Mto Kei, Afrika Kusini, au ule wa Mexico wenye maganda yaliyojisokota na nyama nyeupe ndani. Hakuna ubaya, yote inaweza kufanya ua. Lakini mchongoma anaoujua Mzee ni huu wa porini, wenye majani madogo yenye meno pembeni, miiba mirefu kwapani mwa kila tawi, na vitunda vya mviringo vinavyoanza kijani, vikaiva vyekundu, kisha vikawa vyeusi kama zambarau. Wataalamu huuita Flacourtia indica. Jina hilo ni la kumkumbuka Étienne de Flacourt, Mfaransa aliyeongoza kituo cha nchi yake huko Madagaska kati ya mwaka 1648 na 1655, na huenda ndiyo sababu Waingereza huliita tunda lake plamu ya gavana. Mti ulikuwapo Afrika na Asia kabla ya gavana yeyote.

Mimi nikilitamka jina letu husikia "kuchonga" ndani yake. Sijui kama wanaisimu watanikubalia, lakini ukiutazama mwiba wake huwezi kusema haukuchongwa.

Kwenye kitalu nilijiona hodari. Nilikusanya matunda yaliyoiva mno, nikayaponda, nikazisafisha mbegu kwa maji, nikazianika kivulini na kuzipanda kwenye viriba vya udongo wa msituni, samadi na mchanga. Zikakawia. Zikaanza kuchomoza moja leo, mbili wiki ijayo, kama wageni wa harusi. Mzee alipokuja kuzitazama hakuhesabu zilizoota. Alichukua kiriba kimoja, akakipasua upande kwa ukucha wa kidole gumba, akaangalia mizizi. Mzizi mkuu ulikuwa umefika chini na kuanza kujizungusha. "Huu umechelewa," akasema, na hakusema zaidi, ila siku iliyofuata alikuja na jembe. (Kitalu, kwa Kiswahili cha zamani, ni uzio wa mawe pia. Neno moja limeshika mahali pa kulelea miche na ukuta wa kuikinga. Nalo "ua" limeshika zaidi: ua la kunusa, ua wa kuzungushia nyumba, na kuua. Kati ya ua la kwanza na ua wa pili kuna herufi moja tu ya tofauti, nayo imekaa nje ya neno.)

Kabla ya kuchimba, aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Jirani yako anajua?" Nikamwambia mpaka wangu uko wazi, una vigingi vya serikali. Akatikisa kichwa, akaweka jembe chini, akakaa. Hakuchimba siku ile. Ilinibidi niende kwa jirani, mama mmoja mtu mzima, nikamwamkie na kumweleza, naye akaja na binti yake, tukasimama wote wanne kwenye mstari.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Kwa Waluguru, watu wa milima hii, ardhi imekuwa ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtu hulima kwa haki ya mama yake na wajomba zake. Mgeni aliweza kuazimwa shamba, akatoa ngoto, kitu kidogo cha kuutambua ukoo wenye ardhi, akalima mahindi na mpunga wa mlimani bila ugomvi. Lakini kupanda mti wa kudumu lilikuwa jambo jingine. Mahindi huisha kwa msimu mmoja. Mti hubaki, na aliyeupanda huanza kusema "pale kwangu". Kwa hiyo kwa mtu aliyelelewa kule juu, kuotesha miche 140 kwenye mpaka ni kutamka neno zito mbele ya mwenzako, na neno hilo halitamkwi mwenyewe hayupo. Uingereza hothoni nao ulitamka neno la namna hiyo. Katika karne ya 18 na 19 Bunge lao lilipitisha sheria nyingi za kuyagawa malisho ya pamoja, na miche ya hothoni ikapandwa maili kwa maili kuonyesha kwamba pale palipokuwa pa wote sasa pana mwenyewe. Maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja akabaki anaitazama miiba kutoka nje.

Tulipanda mwezi wa Machi, masika ilipokolea. Mzee alipiga kamba, akachimba mtaro wa dhiraa moja kwenda chini, akachanganya udongo na samadi iliyooza kabisa. Mistari ikawa miwili, na miche ya mstari wa pili ikawekwa mkabala na nafasi za mstari wa kwanza, ili ukitazama kwa mbele usione upenyo. Kati ya mche na mche kwenye mstari, unyayo mmoja. Unyayo ni wake, hakukubali wangu. Juu akatandaza pumba za mpunga, ambazo Morogoro hupati shida kuzipata, akiacha duara dogo wazi kwenye kila shina ili lisioze wala mchwa wasipate pa kujificha. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mtu yeyote mwenye bidii anaweza kuifanya.

Kisha ikaja Novemba ile.

Nimetazama watu wengi wakikata nyua mjini. Husimama, hushika fyekeo au mkasi mkubwa, hupunguza juu, hunyoosha kama meza, hulipwa, huondoka. Mwaka wa kwanza unapendeza. Mwaka wa tatu ukiinama utaona mashina matupu chini kama miguu ya korongo, na kuku wanapita humo bila hata kuinamisha kichwa. Juu ua, chini geti.

Mzee huanzia chini kwa sababu anaujua ubinafsi wa ncha. Ncha ya mche hutengeneza homoni, oksini, inayoteremka kwenye shina na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Maadamu ncha ipo, mche unaenda juu tu. Ukiikata, lile katazo hukoma, na macho yaliyokuwa yamelala huamka, mawili, matatu, manne. Yeye hakusoma hilo popote. Anasema, "Ukiondoa mkubwa wao, wadogo wanaongea." Ila kukata shubiri moja ni hesabu, si ukali. Ukikata juu zaidi, matawi yatachipukia juu, na chini ya hapo patabaki wazi milele, kwa kuwa shina la zamani likishakuwa gumu macho yake huwa mazito kuamka. Kila upenyo utakaokuwa chini ya ua mwaka wa kumi umeamuliwa mwaka wa kwanza, siku ya panga la kwanza.

Panga lenyewe niseme kidogo. Limenolewa miaka mingi hadi limekonda, limebaki kama kisu kirefu chenye tumbo. Hulinoa kwa jiwe la mtoni kila baada ya miche 20 hivi, hata kama halijabutuka. Hulijaribu kwenye jani, si kwenye mti. Mkono wa kushoto hushika ncha ya mche kwa vidole viwili na kuuvuta kidogo upande wa pili, ili nyuzi zikazwe. Mkono wa kulia hupandisha panga kutoka chini kwenda juu, pigo moja, mshazari, wanda moja juu ya jicho linalotazama upande anaoutaka. Sikuliona hilo la jicho mpaka msimu wa pili. Kumbe kabla ya kila pigo husimama nukta moja, macho yake yakitafuta kwenye shina kile kivimbe kidogo kama punje ya ulezi, na pigo lake huamua kama tawi litakalotoka litaelekea kwa jirani, kwangu, au kwenye mche mwenzake. Kwa michongoma alichagua yanayoelekea kwa mwenzake. Mara 140, bila kuharakisha na bila kupumzika, huku akiniuliza habari za watoto.

Vuli ikanyesha. Baada ya wiki tatu kila kisiki kilikuwa na vichipukizi vyekundu. Vilipofika dhiraa moja, masika iliyofuata, akaja kuvikata nusu. Niliumia tena, ila sasa nilijua kunyamaza. Matawi manne yakawa kumi na mengine, miiba ikaanza kushikana na miiba ya jirani. Vuli tena, nusu tena. Mwaka wa pili ulipoisha, ua wangu ulikuwa unanifika kiunoni tu, wakati mtaani kulikuwa na nyua za umri huohuo zilizopita kichwa cha mtu. Watu waliniuliza kama Mzee ananilia hela. Kuna mmoja aliyejenga ukuta wa tofali na kuupandishia chupa zilizovunjwa katika muda wa wiki tatu, akanihurumia waziwazi.

Ni kwenye kipindi hicho nilipotaka kusaidia. Mzee hakuja wiki moja, nami nikaona matawi mawili yamechomoza juu ya mstari, nikayaendea kwa mkono mtupu. Mwiba wa mchongoma hauingii tu. Huingia na kuvunjikia humo. Kidole changu kilivimba kama ndizi mshare. Mzee alipokiona alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema ile ambayo nilijua ataisema, kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akauchomoa kwa ncha ya mwiba mwingine, mikono yake haitetemeki kabisa, na anakaribia miaka 80. Nikamwuliza yeye huchomwa mara ngapi. Akanionyesha viganja. Vilikuwa na alama nyingi, lakini za zamani zote.

Mara nyingi tukinywa chai husimulia habari za kule juu. Mwaka 1955, alipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, watu wa Matombo walikataa kuchimba matuta ya ngazi mlimani waliyoamriwa na serikali ya kikoloni chini ya ule mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Kukazuka vurugu, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukafa. Ngazi zilifukua udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu, na wanawake waliolima walijua hivyo kwa jembe kabla ya maofisa kujua kwa ripoti. Mzee hasimulii kwa hasira. Anachokumbuka zaidi ni kwamba walitaka mlima wote ubadilike msimu mmoja.

Ua haukatwi wima. Hili nalo lilinichukua muda kuliona, kwa sababu jicho hudanganywa. Ukisimama mwisho wa mstari na kuutazama kwa urefu utakuta chini ni mpana kuliko juu, pande zote mbili zimeegemea ndani kama paa la nyumba ya msonge lililokatwa kilele. Hivyo jua la asubuhi na la jioni hufika hadi matawi ya chini kabisa, nayo hayafi. Hatumii kamba kwa kazi hii. Nimempimia kwa siri, mwanzo na mwisho wa mstari wa mita 21, na tofauti haikuzidi wanda mbili.

Mkaguzi wa kazi ni mbuzi. Mwaka wa tatu Mzee aliniambia nisizuie mbuzi wa jirani. Walikuja watatu, wakapita nje ya ua wote wakiinamisha vichwa, wakitia pua, wakirudisha. Mmoja, jike jeupe mwenye akili za kishetani, alipata mahali. Mche mmoja ulikuwa umekufa kimyakimya, na pale palikuwa na upenyo wa kutosha kichwa. Penye kichwa, mbuzi hupita. Mimi nilifikiria mche mpya. Mzee akasema mche mpya kati ya wakubwa hunyimwa jua na maji, utadumaa. Akachagua tawi refu la chini kwenye mche wa jirani, akaliinamisha polepole hadi likalala kwenye upenyo, akalichuna gome kidogo upande wa chini, akalishikilia ardhini kwa kijiti chenye panda, akafukia kovu kwa udongo na kuacha ncha nje.

Jioni nilimwandikia mdogo wangu. Akanijibu kwamba kule kuna mafundi ambao wakati wa baridi hukata shina la hothoni karibu lote, likabaki limeshikwa na ukanda mwembamba wa gome na mti, kisha hulilaza kwa mshazari juu ya mwenzake. Shina halifi. Masika yao ikifika, linachipua wima kwenye urefu wake wote, na ua wa zamani unakuwa mpya kutoka chini. Nikamsomea Mzee. Akanyamaza, akaniambia nisome tena pale pa ukanda mwembamba.

"Wanaacha kiasi gani?"

Nikamwambia sijaambiwa.

"Waulize," akasema. Mpaka leo ananikumbusha.

Miche minne haikatwi tena. Aliichagua mwaka wa tatu ilipotoa maua ya kwanza, vijiua vidogo vya kijani na njano ambavyo mtu hupita bila kuviona. Mchongoma una dume na jike mbalimbali, na kabla ya maua hakuna anayejua. Alizunguka na kunionyesha: hiki kina nyuzi za chavua tu, hiki kina kitunda kinachoanza. Akafunga vitambaa kwenye majike matatu na dume moja, na hayo yanaachwa yapande yatakavyo juu ya ua. Ua unaokatwa kila msimu hauzai vizuri. Kwa hiyo sasa nina miti minne mirefu yenye matunda, na ua chini yake. Shore na kuzumburu wanagombania yaliyo juu. Watoto wa mtaani wanagombania ya chini, huyafikicha kwanza kati ya viganja mpaka yalainike na ukakasi upungue. Mmoja wao, wa miaka minane hivi, alijaribu kupanda kufuata yaliyo juu. Wanasema mchongoma kuuparamia, kushuka ndiyo ngoma; tulimshusha kwa ngazi ya fundi umeme, analia, mfuko wa kaptula umejaa.

Jumamosi iliyopita Mzee alikuja kuangalia tawi alilolilaza. Alichutama, akafukua udongo kwa vidole, polepole, akalivuta kidogo sana. Likatikisika. Mizizi miwili mitatu, myeupe, mifupi kama uzi wa kushonea. Akairudishia udongo, akaushindilia kwa kiganja, akaomba maji ya kopo.

"Bado," akasema. "Tuache masika ipite."

Akamwaga maji kidogokidogo, akafuta panga kwenye suruali, akaenda kuanzia mwanzo wa mstari.